Mafuta Safi Katika Giaboksi Kuukuu

Vijana wangu wa gereji za pale chini ya mtaa wa Majimbo, msifikiri sijui mnavyoniita. Nikipita na bakora yangu nasikia mmoja akisema, "Wasiwasi huyo, funika boneti!" na wengine wanacheka mpaka wanaangusha spana. Ni sawa tu. Jina hilo nilipewa na madereva wa malori kabla baba zenu hawajajua kuendesha baiskeli, na sijawahi kulikataa. Watu husema wasiwasi ndio akili. Mimi naongeza kwamba kwa fundi wa giaboksi, wasiwasi ndio chombo cha kwanza, spana inafuata nyuma.

Juzi Brayo aliniita nione giaboksi kuukuu aliyonunua kwa ajili ya pikapu. Alifungua nati ya chini, mafuta yakatoka mazuri, ya rangi ya asali. Akaniambia, "Guka, ona vile iko clean! Hii haijaguswa." Nikaanza kutokwa na jasho pale pale. Brayo akadhani ni presha, akaniletea kiti na soda. Haikuwa presha, Brayo mjukuu wangu. Nilikuwa nimekumbuka mteremko wa kwenda Kiambere, na cucu yenu Wawira, mke wangu, akiimba nyuma ya lori. Nilikuahidi nitakueleza nikitulia. Sasa nimetulia kidogo, sogeeni niwaambie wote pamoja.

Mimi ni Mwembu, lakini kazi nilifundishwa Timau, kwenye shamba kubwa la ngano. Huko asubuhi, kwa baridi, spana inashika ngozi ya mkono kama inataka kubaki nayo. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kirimi, Mmeru mfupi aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Alizungumza polepole, lakini hasira yake ilikuwa karibu sana.

Siku ya kwanza aliponiachia giaboksi nifungue peke yangu, nilitaka kumfurahisha. Nikatoa vyuma vyote, nikaviosha kwa dizeli, nikavipanga juu ya gunia vikameta. Kirimi akaja, akavua kofia, akaishika kifuani.

"Ni nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna, Mzee."

"Basi mbona umeosha maiti? Mgonjwa anaulizwa kwanza, ndio aoshwe!"

Akanilazimisha kuichuja ile dizeli chafu kwa kitambaa, na kile kilichobaki kwenye kitambaa akakichambua kwa kidole mbele yangu. Vumbi la njano linalometa ni pete za shaba, zile zinazotuliza gia mbili zishikane bila kugombana. Ukiliona, pete zinakwisha. Vipande vyenye pembe ni jino lililovunjika. Uji wa kijivu ni beringi na meno vikisagana kidogo kidogo, na huo hauogopeshi ukiwa mwembamba. Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Niliyashika hayo yote. Halafu nikamwuliza, je, mafuta yakiwa masafi?

"Gari ni mpya ama kuukuu?"

"Kuukuu."

"Basi hayo yamefundishwa kusema uongo," Kirimi akasema. "Tafuta aliyeyafundisha."

Nilicheka siku hiyo. Sikujua nacheka nini.

Maana sisi watu wa huku tuna heshima nyingi mno. Mtu akiugua, kabla ya kwenda kliniki ataoga, atapaka mafuta, atavaa nguo ya kanisani, na akifika daktari anauliza mgonjwa yuko wapi. Na gari ni hivyo hivyo. Dereva wa siku zile hangekuletea lori chafu. Angelipeleka mtoni kwanza, asugue tope, apanguse kiti, na akiwa dereva mwenye adabu kabisa, amwage mafuta ya zamani aweke mapya, fundi asipate aibu ya kuona uchafu wa mwenziwe. Adabu hiyo imenipa wasiwasi kuliko wizi wa spana.

Beringi nayo ina adabu yake ya uongo. Ikiwa na mafuta inazunguka kimya kama mtu anayeomba. Ioshe, iache ikauke, halafu izungushe polepole kwa kidole ukiwa umeiweka karibu na sikio. Ikisema "krr" hata mara moja, itupe. Na msiipulize kwa mashine ya upepo ikazunguka ovyo, nimewaona mkifanya hivyo mkicheka. Siku moja itaruka mikononi mwenu na hamtacheka tena.

Haya, lori.

Lilikuwa la Mzee Ireri, mfanyabiashara wa nafaka hapa Embu na mzee wa kanisa letu. Lilikuwa la tani saba, lililokwisha kuzeeka, limebeba mahindi na ndengu za Mbeere mpaka chasi ikajipinda. Dereva wake alikuwa Njagi, mtu mwembamba, kijiti cha meno hakimtoki mdomoni, na sijaona dereva mwangalifu kama yeye. Hakuwahi kukanyaga hata kuku.

Wiki hiyo kina mama wa kanisa walikuwa wamealikwa Kiambere. Bwawa la huko lilikuwa bado jipya, watu wengi walikuwa wamehamia huko kutafuta kazi, na wamejijengea kanisa la mabati. Kina mama wangeenda kulifungua Jumamosi kwa nyimbo. Mzee Ireri alijitolea lori, na kwa kuwa lingeenda hata hivyo, akaweka na saruji na mabati ya kumalizia madhabahu. Wawira wangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mama yake Njagi naye alikuwa kwenye kwaya, sauti ya chini, nzito, ungedhani ni ya mwanamume.

Njagi akaniletea lori mapema wiki hiyo. Limeoshwa, linanukia sabuni.

"Fundi Nyaga, hii gari iko sawa kabisa," akasema. "Ni gia ya pili tu inakwaruza. Weka zile pete, tufunge, twende."

Nikalala chini, nikafungua nati. Mafuta yakatoka. Masafi. Rangi ya asali.

Nilikaa pale chini nikiyatazama yakijaa kwenye karai. Lori la umri ule, linakwaruza gia ya pili, halafu hakuna hata chembe moja ya shaba? Nikamwuliza Njagi kama amebadilisha mafuta. Akacheka. "Si nilikuwa nakuheshimu, Fundi?"

Kwa hiyo shahidi wa kwanza alikuwa amekwisha kumwagwa huko mtoni. Nikabaki na vyuma vyenyewe.

Sasa sikilizeni nilivyoviangalia, maana hii ndiyo kazi. Pete ya gia ya pili niliivisha kwenye koni yake, nikaisukuma kwa kidole gumba, nikaangalia nafasi iliyobaki kati ya pete na meno. Ilikuwa imekaa chini kabisa, hata wembe haupiti. Imekwisha. Hiyo nilijua, pete mpya nilikuwa nazo. Nikapitisha ukucha ndani ya pete nyingine, mikwaruzo yake ikaushika ukucha vizuri, kumaanisha bado zinafaa. Jicho linadanganywa na mwanga, lakini ukucha haudanganywi. Shafti sawa. Meno ya gia sawa, yamechoka kidogo tu kama mimi sasa.

Halafu nikachukua uma wa gia ya tatu na ya nne. Uma, kwa wale ambao hawajafungua, ni kile chuma cha miguu miwili kinachoisukuma kola, na kola ni ile pete kubwa ya chuma inayoteleza na kuishika gia unayotaka. Uma unatakiwa kuigusa kola wakati wa kubadilisha tu, kisha upumzike. Ukichakaa, unachakaa pande zote mbili, kidogo kidogo. Ule wa Njagi upande mmoja ulikuwa mzima, kama wa jana. Upande wa pili ulikuwa umelika mpaka mwembamba, na chuma kimekuwa cha bluu kwa moto.

Nikauweka chini. Nikauchukua tena. Nikatazama meno ya ndani ya kola, upande ule wa gia ya tatu. Meno hayo huchongwa yakawa na kisigino, ili gia ikishikwa isitoke. Visigino havikuwepo. Yalikuwa mviringo kama meno ya ng'ombe mzee.

Maana yake ni hii: gia ya tatu ilikuwa ikiruka. Unateremka mlima, umeshikilia lori kwa gia, unaondoa mguu kwenye mafuta, na gia inaruka yenyewe hadi katikati. Hapo huna gia, una uzito tu na mteremko. Na Njagi hakuniambia neno.

"Njagi, tatu inaruka?"

"Hairuki."

"Haijawahi?"

"Fundi, nimekwambia hairuki! Umeanza wasiwasi zako?"

Nilipanda kwenye kebini. Wasiwasi ukinishika siwezi kukaa, lazima mikono ifanye kitu, basi nikakipapasa kijiti cha gia kuanzia juu. Chini kidogo ya kirungu rangi ilikuwa imetoka, chuma kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kama pete kwenye kidole. Nikainama chini ya kiti. Kwenye chuma cha kiti palikuwa na alama kama hiyo hiyo, na juu yake masizi meusi ya mpira ambayo sabuni haikuyafikia.

Mnajua ni nini, nyinyi mnaofunga mizigo kwenye bodaboda. Ukanda wa blada, mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Dereva anautia kwenye kijiti cha gia, anauvuta, anaufunga kwenye kiti. Gia haiwezi kuruka maana mpira unaivuta. Na kwa kuwa unaivuta siku nzima, uma nao unaisugua kola siku nzima, mpaka unakuwa wa bluu, mpaka siku moja utakatika vipande viwili. Ukikatika hakuna mpira utakaokusaidia, hata ukifunga na kamba ya fahali.

Nilimwita. Nikaweka kidole changu kwenye ile alama inayong'aa. Njagi akaondoa kijiti cha meno mdomoni. Hapo nikajua.

"Usiambie mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Ataniandikia barua aniambie nimeharibu gari. Kila dere wa Mbeere anafunga, Fundi. Hiyo ni ufundi ya dere. Na niliifungua kabla ya kukuletea, si vizuri kuleta gari kwa fundi ikiwa na makamba."

"Njagi, mama yako ataingia ndani ya hii lori."

"Hata mkeo ataingia," akasema. "Si ndio maana nilinunua mpira mpya?"

Ngai! Nilitaka kumchapa na ule uma. Lakini niliona macho yake, nikaona hakuwa akinidanganya kwa ubaya. Aliuamini ule mpira kuliko alivyowaamini mafundi, maana mpira ulikuwa umemfikisha nyumbani kila jioni.

Kola ya lori lile haikuwepo Embu. Haikuwepo Meru. Nairobi walisema wiki mbili. Mzee Ireri akaja na kofia yake nzuri akasimama mlangoni mwa gereji, akatazama lori lake likiwa tumbo wazi.

"Nyaga, si ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea, Mzee."

"Basi funga itembee. Watu wa Kiambere wamechinja."

"Siwezi kufunga, Mzee. Hiki chuma kimekwisha."

"Umeniambia gia ya pili. Sasa ni ya tatu. Kesho utaniambia ni usukani." Akageuka aende, kisha akasema taratibu, na hilo ndilo lililonichoma, "Kama unaogopa, sema nitafute fundi mwingine."

Nikasema, "Ndiyo, naogopa. Tafuta." Nilikuwa na mke na watoto, na mzee yule angeweza kunifungia mlango wa kila mwenye lori katika mji huu. Lakini hakwenda kutafuta fundi mwingine. Aliniambia niwe nimemaliza kabla ya Jumamosi.

Nyumbani Wawira alinicheka. "Baba Mukami, wasiwasi wako utatufanya twende Kiambere kwa miguu, na mabati vichwani."

"Nenda kwa miguu," nikamwambia. "Nitakununulia viatu."

Aliacha kucheka aliponitazama usoni. Akanipakulia githeri.

Asubuhi nikapanda basi la Meru, nikaunganisha la Timau. Nilikumbuka kwamba nyuma ya karakana ya Mzee Kirimi kulikuwa na malori yaliyokufa, na mawili yalikuwa ndugu wa hili la Ireri. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama yameuzwa kwa chuma chakavu.

Hayakuuzwa. Lakini Kirimi alikuwa amezeeka. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni. Alinitambua kwa sauti. Makoti bado mawili. Tukafungua giaboksi zote mbili, mimi nikifungua na yeye akinitukana, na kufikia alasiri tulikuwa na kola mbili juu ya gunia. Moja ilikuwa imekaa kwenye mafuta, inang'aa, nzuri ajabu. Ya pili ilitoka kwenye giaboksi iliyopasuka, mvua imeinyeshea, imevaa kutu nyekundu yote.

"Chagua," akaniambia.

Nilinyosha mkono kwa ile inayong'aa. Kisha nikaurudisha. Nikaogopa, kwa kweli. Kama wiki ile nilikuwa nimejifunza kitu, ni kwamba kinachong'aa kimeoshwa na mtu. Nikafumba macho nikapitisha ukucha ndani ya ile safi. Ukateleza. Mviringo, kama ya Njagi. Nikapitisha kwenye ile yenye kutu. Chini ya ule uchafu ukucha ukakwama. Kisigino. Jino baada ya jino, ukucha ukakwama.

"Hii," nikasema.

Kirimi akaichukua, akapitisha ukucha wake mwenyewe, mnene na mweusi. Akatabasamu, nadhani mara ya pili tangu nimjue. "Kutu ni ya ngozi. Kuchakaa ni kwa mifupa. Chukua na gia yake ya tatu, hizo zimezoeana, usizitenganishe. Italia kidogo ikiwa na wenzake wapya, wacha ilie. Na chukua uma."

Kisha akaniuliza nani atapanda lori hilo. Nikamwambia. "Basi na wewe panda," akasema. "Fundi akiogopa, aogope akiwa ndani."

Niliisugua ile kutu kwa dizeli na brashi mpaka vidole vikavimba. Nikafunga pete mpya, kola, gia, uma. Nikabadilisha springi za vile vidude vinavyoshika shafti ya uma mahali pake, maana za zamani zilikuwa zimelegea. Nikapima, nikapima tena, nikafungua kifuniko nilichokwisha kukifunga ili nipime mara nyingine. Njagi aliketi kwenye gurudumu akinitazama, safari hii bila kucheka. Tulipolijaribu, gia ya tatu ililia kama mbwa aliyefungiwa nje. Njagi akanigeukia.

"Wacha ilie," nikamwambia. Lakini moyoni nilikuwa nikilia nayo.

Jumamosi kina mama walipanda juu ya magunia ya saruji, vitambaa vyeupe vichwani. Mimi nikaingia kebini. Wawira akachungulia dirishani, akasema kwa sauti wote wasikie, "Jamani, leo tuna bahati, tumebeba na Wasiwasi mwenyewe!" Wakapiga vigelegele. Nikajaribu kutabasamu.

Njagi alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa juu ya kijiti cha gia, amekishikilia na kukivuta, kama mpira wake ulivyozoea kukivuta.

"Ondoa mkono," nikamwambia. "Unasugua uma."

"Ni mazoea."

Anaondoa, baada ya kitambo mkono umerudi. Tukaenda hivyo mpaka barabara ilipoanza kushuka kuelekea mto Tana. Mteremko ule siku hizo ulikuwa wa changarawe, mrefu, umenyooka, na chini kabisa una kona kali inayoingia kwenye kidaraja chembamba. Njagi akaweka tatu, gia ikaanza kulia, injini ikalishikilia lori. Nyuma wameanza wimbo. Nilisikia sauti ya mama yake Njagi.

Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua. Njagi akakanyaga breki, akakanyaga tena. Mguu ulikwenda mpaka chini.

"Nyaga," akasema, bila hata kuniita fundi. "Breki haziko."

Zilikuwa zimechemka, kwa uzito wa saruji ile yote. Sasa tulikuwa tumebaki na gia ya tatu peke yake. Na Njagi alikuwa ameshika kijiti kwa mkono wake wote, mishipa imemtoka, anakivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Kona ilikuwa inakuja. Usukani wa lori lile haukuwa kama huu wenu wa kuzungusha kwa kidole. Kona kama ile ilitaka mikono miwili na mabega.

"Toa mkono kwa gia," nikamwambia. "Shika usukani."

"Itaruka!"

"Haitaruka."

"Umejuaje?"

Vijana, sikujua. Nawaambia ukweli wangu wote leo. Nilichokuwa nacho ni ukucha uliokwama kwenye kisigino cha chuma huko Timau, na nyuma yangu mke wangu akiimba. Nilitaka kukishika kile kijiti mimi mwenyewe, nikilalie kwa kifua. Lakini kama ningekishika, Njagi angejua kwamba hata mimi siiamini kazi yangu, na asingetoa mkono. Basi nikaikalia mikono yangu. Kweli kabisa, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia.

"Toa mkono, Njagi!"

Akautoa. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuzungusha. Kijiti kikabaki pale peke yake, kinatetemeka, kinatetemeka, na gia inalia sana. Sikuitazama kona hata kidogo. Nilitazama kile kijiti tu, nikimwomba Mungu kwa Kiembu, maana hapo Kiswahili kilikuwa kimenitoka.

Hakikuruka. Lori likainama, mabati yakapiga kelele, tukapita kidaraja ubavu ukikwaruza nguzo, tukaanza kupanda upande wa pili. Mlima wenyewe ukatusimamisha. Nikaruka chini nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikakaa pale pale vumbini.

Kina mama wakafikiri tumesimama ili watu wajisaidie. Wakashuka wakicheka. Mama yake Njagi akamwambia mwanawe, "Leo umeendesha vizuri, lakini kwenye ile kona ulienda mbio kidogo." Njagi akasema, "Ndiyo, mama." Wawira akanikuta nimekaa nimelowa shati.

"Baba Mukami, na jua hili lote, mbona usivue koti?"

Nikavua koti.

Tulingoja breki zipoe, tukazikaza, tukaenda polepole mpaka Kiambere, kanisa likafunguliwa, tukala nyama. Njagi hakula. Alinifuata nyuma ya kanisa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ukanda mpya wa blada. Alikuwa nao safari nzima. Akaniwekea mkononi, akaenda zake, na sikuwahi kuona alama ile tena kwenye lori lake lolote.

Kwa hiyo, Brayo, soda yako nilikunywa na nakushukuru. Lakini ile giaboksi yako ya asali ifungue kabla ya kuifunga kwenye gari. Mtu ameiosha. Huenda ni mtu mzuri, huenda alikuwa akikuheshimu. Fumba macho upitishe ukucha.

Wawira hakuwahi kuambiwa. Aliukuta ule mpira mfukoni mwa koti langu, akaona ni mzuri, akaufungia mlango wa banda la kuku. Wa kwanza ulikatika kwa jua, nikaleta mwingine, na huu wa sasa sijui ni wa ngapi. Ananiambia mimi ni mzee wa ajabu, maana kila jioni kuku wakiingia nainama pale mlangoni, nauvuta, halafu napitisha ukucha kuona kama umeanza kulika upande mmoja.